Mume wangu anajua nimepita, ukweli nimefeli

Shikamoo Shangazi,

Naomba usiweke jina langu wala la kampuni maana watu wa fani yetu hapa Dar tunajuana wote.

Mimi ni mama wa watoto wawili, nina miaka 33, ni injinia wa netiweki. Yaani sisi ndo wale ambao tawi la mteja huko Kahama likikosa mawasiliano saa nane usiku tunapigiwa simu sisi. Shifti yetu ya usiku tuko wanne, mwanamke ni mimi peke yangu. Barua itakuwa ndefu nisamehe.

Kwenye kazi zetu kuna vyeti vya Cisco, kampuni ya vifaa vya netiweki. Unaanza na CCNA, inafuata CCNP, juu kabisa kuna CCIE. CCNA niliipata kabla sijaolewa. CCNP nimeipata nikiwa na mimba ya mtoto wa pili, mtihani wa kwanza unaitwa ENCOR, masaa mawili, mimba ina miezi mitano, nikaomba ruhusa ya kwenda chooni mara mbili na saa kwenye skrini haisimami inaendelea tu kuhesabu. Nikapita. Wa pili ENARSI nimeufanya mimba ya miezi saba, nikapita. Yaani kule nilijiona chuma.

Sasa CCIE ndo mtihani wenyewe. Ni masaa nane siku moja, masaa matatu ya kwanza ni usanifu, unapewa mkasa wa kampuni na barua pepe zao na michoro, unachagua majibu na ukishaenda swali la mbele hurudi nyuma. Masaa matano yanayobaki ni ya mikono, unajenga na kurekebisha netiweki mwenyewe. Ada ya labu, ndo tunavyouita mtihani huo, peke yake dola 1,600, kwa pesa yetu ni kama milioni nne, hapo hujaweka viza, tiketi na hoteli maana mimi nilienda kuufanyia Dubai.

Nimejiandaa miaka miwili Shangazi. Nilinunua seva ya Dell ya mtumba Kariakoo, ram gigabaiti 64, nikaweka ndani yake EVE-NG, programu ya kuigiza vifaa vya netiweki, nikawa naendesha ruta kumi na tano kwenye boksi moja. Ilikaa sebuleni chini ya TV kwa sababu chumbani watoto hawalali, inaunguruma kama mashine ya kusaga. Baba watoto akaibatiza jina "mume mwenzangu", kila asubuhi anauliza mume mwenzangu ameamkaje. Umeme wa elfu kumi uliokuwa unatusogeza wiki ukawa hauvuki siku ya tatu. Nilikuwa naamka saa kumi alfajiri nasoma mpaka saa kumi na mbili watoto wakiamka, kama nimetoka shifti ya usiku basi nasoma mchana mama mkwe akiwa na watoto. Mume wangu ni mwalimu wa sekondari, mshahara wake unaujua, lakini alitoa milioni moja na nusu kwenye hela ya bati za nyumba yetu Chanika ambayo mpaka leo imesimama kwenye lenta. Iliyobaki nikakopa kikoba.

Nikaenda. Maswali siwezi kukueleza maana tunasaini kwamba hatutatoa siri ya mtihani, ila niseme tu kwenye yale masaa matano kuna sehemu nilikwama karibu dakika hamsini, najua kabisa napaswa kuiacha niende mbele lakini mkono ukawa unagonga amri ileile, ileile, kama mtu anayetafuta funguo kwenye mfuko ambao ameshaukagua.

Matokeo yalikuja kesho yake niko hotelini Deira, hukohuko Dubai, nakunja nguo. Nimefeli. Kabla sijamaliza hata kulia simu ikaita, baba watoto, nyuma nasikia watoto na TV. Akauliza "vipi mama, umepita?" Shangazi mi nikajibu "tunamshukuru Mungu". Basi. Sikusema nimepita. Lakini yeye akapiga kelele "amepitaa!" na nikasikia mama mkwe anapiga vigelegele, nikakata simu nikajifanya mtandao mbovu. Mimi, injinia wa netiweki, najifanya mtandao mbovu.

Uwanja wa ndege walikuja kunipokea na maua. Kina mama wa kikoba wakanikatia keki imeandikwa kwa krimu Hongera Injinia. Kwenye harusi ya shemeji yangu akanisimamisha mbele ya meza ya wazee akawaambia hiki cheti wenye nacho wanahesabika. Nikatabasamu. Ni miezi minne sasa na mume wangu ameshamwambia fundi mshahara wa mama ukipanda mwezi wa kwanza tunapaua.

Sasa ENCOR yangu inatimiza miaka mitatu mwezi Machi na ukishapitisha hapo bila kupita labu huruhusiwi kuifanya, kwa hiyo muda unaisha. Bosi anajua nilifeli, hana shida, amesema kampuni itanilipia mara ya pili kila kitu ila nisaini kwamba sitaondoka miaka mitatu, nikiondoka narudisha hela yote. Tatizo baba watoto ameomba uhamisho wa Dodoma na tulikubaliana ukitoka tunahama wote. Pia kuna kaka mmoja yuko Telegram anauza faili la labu dola 500, anadai ni maswali yenyewe na majibu yake, sisi tunaita madampu. Mwenzangu mmoja ofisini CCNP yake yote ni madampu na ndo kawa kiongozi wa timu. Juzi tu kulikuwa na tukio la usiku ruta mbili zimeganda EXSTART, yaani zimekwama kabla ya kumaliza kuunganishwa, yeye na wenzake wamehangaika saa nzima wakidhani laini ya mtoa huduma, nikaangalia kipimo kinaitwa MTU kwenye tuneli nikakuta upande mmoja 1400 upande mwingine 1476, nikalinganisha, ikapanda, nikarudi kunywa chai. Lakini kiongozi ni yeye.

Shangazi nifanyeje? Nikope tena kikoba kimya kimya nirudi kabla ya Machi, nikipita uongo unakuwa kweli na hakuna aliyeumia? Nisaini? Ninunue hilo faili? Au niachane na hiki cheti nizeeke na CCNP yangu? Usiku nikisikia ile seva inaunguruma natamani kuichomoa.

Injinia wa Keki, Dar es Salaam

SHANGAZI ANAJIBU

Marahaba mwanangu, Injinia wa Keki. Barua yako niliisoma mara moja nikacheka pale kwenye mtandao mbovu, nikaisoma tena na sikucheka. Ikabidi nimpigie mpwa wangu ambaye yuko kwenye mambo hayohayo ya ruta na swichi anieleze hivi vitu maana mimi MTU nilidhani ni mtu. Kanikalisha kwenye simu saa nzima na nusu. Kaniambia CCIE ilianza mwaka 1993 na namba za waliofaulu hazikuanzia moja, namba 1024 kilipewa chumba cha labu chenyewe halafu mtu wa kwanza akapewa 1025, akawa anacheka peke yake anasema 1024 ni mbili kumi zikizidishwa pamoja, sijui kwa nini inachekesha, nyie mna mambo yenu. Yeye mwenyewe labu alifeli mara mbili kabla hajapita. Hilo sikulijua, na mimi ndo niliyemlea.

Sasa tuongee.

Kwenye barua yako kuna mambo mawili umeyafunga kwenye kanga moja. La kwanza ni mtihani, urudi au usirudi, kwa hela ya nani na kwa njia gani. La pili ni lile jibu la simu. Wewe umeniuliza la kwanza tu, njia nne umezipanga vizuri kabisa, lakini kila njia nikiishika naona la pili limening'inia kwake. Unataka kukopa kimya kimya kwa sababu ya la pili. Kusaini kunakuwa kugumu kwa sababu ya la pili, maana utamwambiaje mumeo kampuni inakulipia mtihani ambao umeshapita? Hata Machi inakutisha zaidi kwa sababu ya fundi wa kupaua. Kwa hiyo naomba nikufungulie hiyo kanga kidogo, alafu utaifunga mwenyewe unavyotaka.

Nianze na Machi kwa sababu ndo inakukimbiza. Ni kweli ENCOR inakupa miaka mitatu ya kwenda labu. Lakini mpwa wangu anasema hiyo saa ikiisha haikufungii mlango maisha, unafanya ENCOR tena, ni dola 400, ukipita miaka mitatu inaanza upya, na hiyohiyo ENCOR inakuhuishia CCNP yako kwa wakati mmoja kama haijaisha muda. Au CCNP unaweza kuihuisha kwa kukusanya pointi 80 za mafunzo bila kugusa labu kabisa. Dola 400 ni hela, silidharau hilo, mimi mwenyewe sina. Ila kati ya kurudia mtihani ulioushinda na mimba ya miezi mitano na kukimbilia Dubai na mkopo wa pili huku roho iko juu, hiyo Machi si lazima iwe ukuta, inaweza kuwa tuta tu la barabarani. Uliwahi kuipigia hesabu hivo? Maana kwenye barua umeandika "muda unaisha" ukapita haraka.

Sasa kikoba. Mwanangu, kikoba gani hicho cha kimya kimya? Nimekaa kwenye vikoba miaka kumi na saba. Mkopo unaombwa mbele ya watu, unadhaminiwa, unaandikwa kwenye daftari, na jioni hiyohiyo mdhamini wako ameshamsimulia dada yake. Wale waliokukatia keki ndo haohao utaenda kuwaomba mamilioni mengine, ya nini? Utawaambia nini? Itabidi utunge la pili la kulinda la kwanza. Sikukatazi kukopa, naona tu hiyo njia haina giza unalolitegemea.

Na hili la "nikipita uongo unakuwa kweli", hapa nilisimama nikaweka simu chini. Kwanza cheti kina tarehe, na mpwa wangu anasema waajiri wana njia ya kuhakiki cheti cha mtu Cisco kwenyewe, ndani ya dakika chache. Mumeo sijui kama atahakiki, wanaume wengi cheti wanakitaka kwenye fremu tu ukutani, lakini siku moja ataisoma hiyo tarehe. Pili, na hili hujaliandika popote, ukifeli tena? Simu itaita tena uko hotelini. Safari ya kwanza ulienda na mtihani peke yake kichwani na bado mkono uliganda dakika hamsini. Safari ya pili utaenda na mtihani na mumeo na fundi na keki, wote mmekaa kwenye kiti kimoja masaa nane. Labda utaweza. Wewe umefanya mitihani na mtoto anakupiga mateke tumboni, kwa hiyo sisemi hutaweza. Nasema tu huo mzigo uuhesabu kwenye maandalizi kama unavyohesabu ram.

Kuhusu huyo kaka wa Telegram. Nilidhani mpwa wangu atanihutubia, akasema kwa kifupi kwamba kampuni yenye mtihani ikikubaini inaweza kukufutia vyeti vyote na kukufungia usifanye tena, yaani hata CCNP uliyoitolea jasho inaondoka, na kwamba faili lenyewe la dola 500 mara nyingi ni takataka, na hakuna pa kwenda kudai maana utaenda polisi ukasema nini, nimetapeliwa nilipokuwa naiba mtihani? Alafu akasema kitu ambacho ilibidi anieleze mara mbili. Ile EXSTART yako. Kumbe zile ruta mbili zinasalimiana vizuri tu, tatizo linakuja pale zinapotaka kupeana picha nzima ya netiweki, kila moja inataja ukubwa wa pakiti inayoweza kubeba, ndo hiyo MTU, ile yenye namba ndogo ikisikia mwenzake ametaja kubwa inamkatalia, zinaganda hapohapo. Na kuna amri ya kuiambia ruta usijali tofauti hiyo, mtu-ignore, ukiiandika jirani anapanda, kila mtu anapiga makofi anaenda kulala, alafu mizigo mikubwa inakuja kuanguka kesho mchana na hakuna anayejua kwa nini. Akasema "Shangazi, madampu ndo hiyo amri." Sasa mimi nakuuliza, usiku ule hukuitumia hiyo amri. Ulilinganisha pande mbili. Hakuna aliyekuona, wenzako hata tofauti wasingeijua. Kwa nini ulilinganisha?

Najua mwenzako amepanda cheo kwa madampu na inauma, acha iume, ni haki yako. Lakini una uhakika amepanda kwa sababu ya vyeti? Au anajua kuongea na bosi, au alikuwepo mapema, au ni mwanaume kwenye ofisi ambayo usiku mwanamke ni wewe tu? Nauliza kwa sababu kama kikwazo si cheti, basi CCIE haitakiondoa, utakuwa na namba yako nzuri na bado yeye ndo kiongozi. Bosi aliwahi kusema kwa mdomo wake, au kuandika, kwamba ukipata CCIE mshahara ni huu na cheo ni hiki? Kwenye barua yako anayesema mshahara utapanda ni mumeo. Bosi simsikii akisema.

Hii inanipeleka kwenye mkataba wa miaka mitatu. Una faida kubwa, hela ya bati haiguswi, kikoba hakiguswi, na namba ya CCIE ukiipata ni ya kwako, haibaki kwa kampuni. Ila kabla hujasaini uliza vitu vya kawaida tu. Ukifeli tena unadaiwa au hudaiwi? Ukiondoka mwaka wa pili unarudisha yote au kinapungua kulingana na muda uliotumikia? Wakikupunguza kazi wao wenyewe je? Na Dodoma, hivi hakuna wateja Dodoma? Nyie si ndo mnarekebisha ruta ya Kahama mkiwa mmekaa Dar? Labda bosi atakataa, labda hajawahi kuulizwa. Hatari yake naiona pia, usije ukasaini kwa hofu ya Machi alafu uhamisho ukatoka Aprili, mkawa familia ya wikiendi, basi la Dodoma kila Ijumaa na watoto wadogo. Na hauwezi kusaini hiki kitu bila mumeo kujua, hata ukiweza usingependa mtu akufanyie wewe hivo.

Kuacha pia ni njia, na naona umeiandika kama laana, "nizeeke na CCNP". Wapo wamezeeka nayo na wana nyumba zimepauliwa. Ila sitaki kukudanganya kwamba kuacha ni bure. Miaka miwili ya saa kumi alfajiri haifutiki kwa kusema basi, na unaweza kujikuta baada ya mwaka unamchukia kila anayeitaja. Wengine wanapumzika mwaka mzima, wanalala, wanarudi na kichwa kipya. Wewe hata wiki moja ya kuomboleza ule mtihani hujapata, tangu uwanja wa ndege ulipewa maua. Umefeli kitu kikubwa na hakuna mtu hata mmoja nyumbani kwako aliyekwambia pole, kwa sababu hakuna aliyejua. Basi mimi nakuambia. Pole sana mwanangu.

Sasa baba watoto. Namsoma kwenye barua yako naona mtu aliyetoa hela ya bati, anayeamka asubuhi anaijulia hali seva. Mwanaume anayeona wivu juu ya masomo ya mkewe haiti boksi mume mwenzangu. Kwa hiyo nilijiuliza unachomwogopa ni nini hasa, hasira zake, au kumwona ameaibika mbele ya wale wazee wa harusini? Ni vitu viwili tofauti na maneno yake ni tofauti. Na pia ulisema kitu simuni kisichokuwa uongo ukakiacha kikakua chenyewe. Wengi tunakijua hicho kisu, "tunamshukuru Mungu" ina nafasi ndani yake ya kila kitu, msibani tunaisema, hospitali tunaisema. Ungekuwa umekaa naye uso kwa uso angeiona maana yake machoni. Alikusikia kwenye simu, na watoto wanapiga kelele.

Ukiamua kumwambia, sikuhakikishii atapokea vizuri. Anaweza kunyamaza wiki. Anaweza kuuliza "na harusini ulikuwa unatabasamu nini?" na swali hilo halina jibu zuri. Kinachouma hapo si kufeli, ni miezi minne. Kuna wanawake wameniandikia walisema ukweli na ikawa ngumu kwa muda mrefu, sitakuficha. Ukiamua kusubiri kwanza upite, nayo ina hatari yake na ulishaitaja mwenyewe kwenye mstari wa kwanza kabisa, fani yenu hapa Dar mnajuana wote. Bosi anajua. Ofisi nzima huenda inajua. Siku mumeo akikutana na mmoja wao kwenye daladala akamwambia "mwambie mama asikate tamaa ataenda tena", hapo atakuwa ameambiwa huku konda na abiria wote wanasikiliza.

Kama utaongea naye, wakati una maana. Usiku ukitoka shifti hapana, wote mmechoka. Mbele ya mama mkwe hapana, yeye mwachie mwanawe amwambie kwa namna yake, vile vigelegele vilikuwa vyake na atataka kuvirudisha mwenyewe. Nendeni hata Chanika mkaangalie hiyo lenta, mko wawili, na fundi hayupo. Unaweza kuanza na simu yenyewe, "siku ile Deira ulivyoniuliza nilikuwa nimeshaona matokeo". Sentensi hiyo moja inatosha kuanzia, baada ya hapo hata usipojua la kusema yeye ataongea. Na hesabu uwe nazo mkononi, dola 400 hizi, mkataba wa bosi huu, deni la kikoba limebaki kiasi hiki, ili akitoka kwenye hasira akute kuna kitu cha kujadili na si shimo tu. Na fundi wa mwezi wa kwanza naye ana watu anaowaahidi kazi, kadri unavyochelewa ndivyo na yeye anavyozidi kuingia kwenye hili jambo bila kujijua.

Mimi ningependa kujua utakavyojibu lile swali langu la usiku wa EXSTART kabla hujajibu la Dubai. Hilo tukio umeliandika mistari miwili, katikati ya malalamiko, ukamaliza na chai. Wenzako wamehangaika saa nzima, wewe umeangalia namba mbili. Miezi michache baada ya kufeli. Kama ungenipa barua hii bila jina la cheti hata kimoja, hapo ndo ningejua wewe ni nani kazini.

Na mpwa wangu kasema nikuambie kwamba Dell za zamani zile kuna programu inaitwa ipmitool, unaweza kushusha kasi ya feni mwenyewe, ila uangalie joto lisipande, tena anza mchana ukiwepo karibu. Anasema ya kwake ilimpigia kelele miaka mitatu kabla hajaambiwa na mtu. Kwa hiyo usiichomoe kwanza. Ishushe sauti, mama mkwe alale.

Shangazi